Jino, Karafuu na Ndovu wa Barafuni

Mwaka ule jino lilinisumbua sana, nami sikuwa mtoto wa kuvumilia. Mama alikuwa sokoni. Nilifungua kasha lake la nguo, nikakuta kanga kuukuu yenye fundo kwenye pindo, na ndani ya fundo karafuu. Nikatafuna moja. Aliporudi akanusa pumzi yangu, akaenda moja kwa moja kwenye kasha, kisha akanizaba kofi. Jikoni kulikuwa na kopo zima la karafuu. Nilikula moja tu, na hata hakuniuliza naumwa wapi. Sikumsamehe. Mimi kinyongo nikikiweka, nakiweka kweli.

Miaka mitatu ikapita. Siku hizo majumba ya ghorofa ya Michenzani yalikuwa yakipanda, na mwalimu wetu alileta darasani kitabu cha picha alichoazimwa na mke wa fundi mmoja wa Kijerumani. Ndani yake mlikuwa na ndovu mwenye manyoya marefu kama ya mbuzi, wa aina iliyokwisha kutoweka duniani. Mwalimu alisema wengine walikutwa wamefukiwa katika barafu, na mmoja alikuwa bado na matumba ya maua kati ya meno. Nikanyoosha mkono, nikasema karafuu nazo ni matumba, huchumwa kabla hayajachanua. Akanisifu, nikarudi nyumbani Mpendae kichwa kimevimba.

Mama alikuwa akipepeta mchele. Nilimsimulia yote huku nimejiandaa kubishana, maana nilijua atasema hakuna ndovu wa manyoya. Hakubisha. Aliuliza tu kama matumba yale yalikuwa yameshachanua. Nikamwambia hapana.

"Masikini, hakuwahi kumaliza kula," alisema. Akaweka ungo chini. "Baba yako naye alianguka mkarafuuni, mkono umefumba. Ami yako ndiye aliyemuosha, akamfunua vidole. Akaniletea karafuu zilizokuwemo."

Nilijua baba alifia shamba nikiwa mchanga. Habari ya mkono sikuwahi kuambiwa. Ukali ule wa karafuu ukanirudia ulimini, nikaona haya hata kumtazama. Nikamwuliza zilikuwa ngapi.

"Kumi na moja," akasema, akauchukua tena ungo wake. Alipepeta kidogo, kisha akanigeukia. "Na lile jino, mwanangu, lilipoa lakini?"

Nikamwambia lilipoa.