Maji Yakipwa, Nani Alie?

Leo Kidato cha Nne wamenifundisha shairi la kale la Kiingereza, na mwalimu ni mimi!

Mshairi anatazama maji yakipwa, moyo unamuuma. Nikaeleza kwa kujiamini, mimi mtoto wa Njombe, milimani: bahari ikiondoka ni msiba.

Darasa zima likacheka.

Mwanahawa akasimama. "Samahani, madam. Maji yakipwa ndipo mama anapoingia shamba la mwani, na bibi anachokoa pweza. Siku hiyo nyumbani tunakula vizuri."

Nikamuuliza, sasa huyu mshairi analilia nini?

"Labda alikuwa anatazama tu, madam. Hakushuka."

Jamani! Miaka minane niko hapa pwani ya Utende, na mimi natazama tu.

Kesho Jumamosi maji yanapwa saa nne asubuhi. Nani ataniazima viatu vya kukanyagia miamba?