Yule Anayechechemea

Kiangazi kile kule Didia, jioni zilinukia samadi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka, nasi tulikula huku masikio yakiwa nje. Fisi alikuwa amekwisha kumchukua mbuzi wa jirani. Bibi, aliyetulea, alitukataza kumtaja jua likishazama: ukimwita, atadhani amealikwa. Tulisema "yule anayechechemea." Mimi, mwoga kuliko wote, nilisema hivyo hata mchana.

"We Holo, jua lote hili?" binamu yangu Kulwa alinicheka. "Si amelala huyo!"

Nikamjibu kwa hekima ya mtoto wa darasa la tatu: tahadhari kabla ya hatari.

Jioni moja mdogo wangu Minza, aliyekuwa bado akibebwa mgongoni akichoka, alikimbiza kifaranga hadi kwenye uzio wa minyaa. Nilikuwa mlangoni na ungo. Matawi nyuma yake yakasogea, nikaona mabega yaliyoinuka na kiuno kilichoshuka. Nikafungua mdomo. Jina lilikatazwa, na lile la adabu lilikuwa refu mno. Minza akainama kumshika kifaranga. Sauti haikutoka.

"Fisi!" Bibi alinipita na mwiko wa ugali mkononi. "Fisi! Fisi! Minza, njoo!"

Mnyama alitutazama, kana kwamba anatuhesabu, kisha akarudi minyaani. Minza alilia, lakini ni kwa sababu kifaranga alimponyoka.

Kulwa akaja mbio na rungu. "Bibi, umemtaja!"

"Nimemtaja. Akirudi nitamtaja tena." Akamfunga Minza mgongoni, ndipo akarudi jikoni.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri aliandika ubaoni neno la Waslavi wa kale: *medvědь. Kinyota cha mbele, alisema, maana yake hakuna aliyelikuta limeandikwa. Limejengwa upya kutokana na wajukuu wake: medved wa Warusi, medvěd wa Wacheki, niedźwiedź wa Wapolandi, aliyepinda hata herufi ya kwanza. Ni dubu, ila maana yake hasa ni mla asali. Inaaminika walimwogopa, wakamwita kwa jina la pembeni, hadi jina lake la kwanza likawapotea kabisa. Wenzangu walinakili. Mimi nilijiuliza: siku dubu alipotokea nyuma ya mtoto wao, bibi yao alipiga kelele gani?

Leo Minza ni Mama Shija, anauza vitenge mjini Katoro, ambako madereva wa bodaboda huitana fisi na kuangua kicheko. Nikimtembelea, giza likianza kuingia na wanawe wakiwa uani, hunichokoza: "Dada msomi, akitokea leo utasema?"

Nina shahada tatu. Nakaa mlangoni, macho kwa watoto, nikijizoeza silabi mbili.