Mtu Aliyesimama Nyuma ya Koleta

Kila asubuhi kabla ya chai, shangazi yangu Koleta alichomeka sindano kwenye gauni lake, upande wa kushoto wa kifua, ikiwa imetungwa uzi wa bluu. Alikwenda nayo sokoni na kanisani. Alipolazwa kwa malaria, nesi alimwomba aitoe, naye akageukia ukutani kama hakusikia. Uzi ulipochakaa alitunga mwingine wa rangi ileile. Wateja wageni walidhani ni mazoea ya fundi cherehani, kama seremala anavyoweka penseli sikioni. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba sindano ile haikuwahi kugusa nguo ya mteja hata mmoja.

Ilikuwa ya shati la mumewe, Zablon.

Mwaka 2006 walikuwa wakiishi Kwihara, kwenye boma la kina Zablon. Shangazi alikuwa amemshonea shati la kaki, na asubuhi ya safari alikuwa bado anamalizia mfuko wa kifuani. Uzi wa kaki ulimwishia, akachukua wa bluu. Kabla hajafika mwisho, lori la tumbaku likapiga honi barabarani. Zablon alikuwa amepata lifti ya kwenda machimbo ya dhahabu, upande wa Chunya. Akalivaa shati hivyohivyo, pembe moja ya mfuko ikining'inia na uzi wa bluu ukichungulia.

"Utanimalizia nikirudi," alisema.

Alipiga simu mara moja, kwa namba ya mtu mwingine. Baada ya hapo hakusikika tena.

Ukoo wa Zablon hauweki matanga ya msafiri mpaka apatikane mtu aliyeonana naye uso kwa uso, akaja kueleza. Desturi hiyo ni ya tangu enzi za wapagazi, wakati vijana wa Kwihara walipobeba pembe kwenda pwani na habari zao zikarudi kwa midomo ya watu wasiowajua. Inasemekana babu yao mmoja alifika nyumbani akakuta ameshaliliwa, kigoda chake kimechomwa moto na mkewe yuko kwa mtu. Alisimama mlangoni akapiga hodi na hakuna aliyemkaribisha, kwa sababu aliyeliliwa hana tena mlango. Tangu siku hiyo wakakubaliana kwamba habari ya kusikia haitoshi.

Kwa hiyo shangazi hakuwa mjane, na mke hakuwa. Alihamia mjini, akapanga nyumba Kanyenye, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka la vifaa vya umeme. Wanaume wawili walimtaka, akawarudisha. Siku ya kuwaombea marehemu, wenzake waliandika majina kwenye karatasi na yeye akakaa na kalamu mkononi.

"Sisemi afe, Julieth," aliniambia mwaka mmoja tukitoka kanisani. "Wala sisemi arudi. Nataka kujua tu nimweke wapi."

Mwaka juzi tulikwenda Igalula kwenye harusi ya Kabula, binti wa dada yangu. Sherehe ilifanyika chini ya turubai, nyuma ya stesheni. Shangazi alikaa safu ya mwisho kwa sababu hapendi spika. Mimi nilikuwa nagawa chakula, na nakumbuka vizuri kwamba nyuma ya kiti chake kulikuwa na kreti za soda zilizopangwa mpaka kwenye ukuta wa turubai. Niliziendea mara kadhaa kuchukua chupa. Mtu mzima asingeweza kusimama pale.

Mwezi mmoja baadaye Deus, aliyepiga video, akatuletea flashi. Tuliitazama nyumbani kwa shangazi kwenye tivii yake ya zamani ya kichogo, ile aliyopewa na mama mwenye nyumba. Ilipofika sehemu ya zawadi, kamera ikampitia yeye akinywa soda. Nyuma yake palikuwa na kitu kirefu cha rangi ya udongo.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Kilikuwa na mabega.

"Ni kivuli cha nguzo," nilisema.

"Nguzo ilikuwa ya bluu. Rudisha."

Niliiweka flashi kwenye kompyuta ya shuleni ninakofundisha. Kioo chake ni kidogo, na kila nilipoikuza, sura ile ilivunjika vipandevipande kama mtama uliomwagika. Tulimpigia Deus. Akacheka.

"Mama, picha yangu haina tatizo, tatizo ni vioo vyenu. Mimi nilirekodi foo-kei. Tafuteni tivii kubwa ya foo-kei, mtahesabu hata nzi kwenye pilau."

Tangu hapo shangazi hakuwa na mazungumzo mengine. Fedha alizokuwa akiweka ili abadilishe bati la nyumba ya marehemu mama yake zikapata kazi mpya. Hata hivyo tivii ya namna hiyo haikuwa ya fundi cherehani, mpaka asubuhi moja ya Novemba Shazia, mwenye duka, alipotoka barazani na kikombe chake cha chai. Nilikuwepo, nimepeleka sketi ya kupunguza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, tajiri wangu. Leo umeamka umependeza, kuna mtu anakuja kuposa?"

"Waje wapi, na wewe umekaa mlangoni na mkasi?" Shazia alicheka, kisha akainama karibu. "Fundi, ile tivii unayoisema kila siku ninayo. Inchi sitini na tano, ile ya daraja la juu kabisa. Boksi halijafunguliwa. Nakupa nusu ya bei."

Shangazi aliendelea kukanyaga cherehani. "Nusu? Ina nini, ina pepo?"

Shazia hakucheka mara hii. "Sikufichi, nimekua nakuona hapa. Kuna bwana mmoja wa Nzega aliiagiza, nikamletea kutoka Dar. Asubuhi aliyokuwa aje kuichukua akafariki. Ndugu zake nimewarudishia chao, tivii hawaitaki. Wateja watatu wameitaka, na watatu wote wamerudi walipopata habari. Mmoja alikuwa ameshaipakia kwenye bajaji, akaishusha."

"Aliigusa?"

"Nani, marehemu? Hata kuiona hakuiona. Lakini unajua watu. Wanasema mwenyewe atakuja kuiangalia."

"Aje. Viti vipo." Shangazi alikata uzi kwa meno. "Wafu hawanitishi, Shazia. Waliokufa wana mahali pao. Punguza kidogo."

"Fundi! Nusu ya bei bado unaniambia nipunguze?"

"Umeshasema watatu wamerudi. Wa nne nani?"

Shazia alipunguza, akatuma Omari fundi umeme aifunge ukutani bure, na akaongeza waya wa kuzuia umeme kuruka. Wakati tunaandikiana risiti akauliza, kwa utani, "Na utaangalia nini kwenye kioo chote kile, taarifa ya habari?"

"Nataka kuona nani yuko nyuma yangu," shangazi alisema.

Shazia aligeuka kutazama ukuta wa baraza. Nilimwona. Halafu akaingia ndani bila kumaliza chai.

Omari aliifunga Jumamosi. Ilichukua karibu ukuta mzima wa sebule, na ilipozimwa ilikuwa nyeusi kama maji ya kisima, sisi wawili tukionekana ndani yake tumekaa mbali zaidi kuliko tulivyokaa. Mchana mawingu yakafunga, ngurumo zikaanza upande wa Kwihara. Kwetu radi ikinguruma hufunikwa kila kinachong'aa, na shangazi alikuwa ameshafunika kioo cha kujitazamia na sufuria zake. Akaifunika tivii kwa kanga mbili. Tukakaa mbele ya kanga zile mpaka jioni, mvua ikipiga bati. Mara moja upepo ulipita dirishani, kanga ikajaa kwa ndani kama mtu anayevuta pumzi.

Jumapili baada ya misa jua lilikuwa kali. Akafunua, nikachomeka flashi.

Deus alikuwa amesema kweli. Niliona jasho kwenye paji la bibi harusi. Niliona nzi. Kamera ikaanza kugeuka kuelekea safu ya mwisho, na shangazi akasimama.

"Simamisha hapo."

Alikuwa mwanamume. Alisimama katikati ya kreti za soda, na kreti zilikuwepo mahali pake, chupa zikionekana kulia na kushoto kwake. Alivaa shati la kaki. Shangazi alisogea mpaka karibu, akainua kidole bila kugusa kioo.

"Bega la kushoto limeshuka. Nililikata hivyo makusudi, alikuwa amezoea kubebea upande huo." Kidole kikateremka. "Na hapa."

Pembe ya mfuko ilining'inia. Uzi wa bluu ulichungulia, urefu wa kucha. Niliuona mimi mwenyewe, na sikuvaa miwani ya mtu.

Kilichonitia baridi ni shati. Lilikuwa jipya, na mikunjo ya pasi mikononi ilikuwa bado haijavunjika. Na mtu mwenyewe alikuwa na umri wa siku ile ya lori. Mbele yake shangazi amekaa, nywele zimeingia mvi, soda mkononi. Angeweza kuwa mwanawe.

Nikaachia picha iendelee. Ilidumu sekunde kumi na moja. Zablon aliinama, mdomo ukakaribia sikio la shangazi, ukafunguka na kufungika mara tatu. Sauti tuliyoisikia ilikuwa ya muziki tu. Shangazi wa kwenye picha alikuwa anamcheka mtu fulani aliyekuwa anacheza vibaya. Kisha kamera ikaenda kwenye keki.

"Ananiita," shangazi alisema nyuma yangu. "Ananiita, na mimi nakunywa soda."

Juma lililofuata tulikwenda Kwihara. Kaka mkubwa wa Zablon, mzee Ezekia, ndiye msemaji wa ukoo. Tulimkuta anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, shemeji," shangazi alisema.

"Marahaba, Koleta. Umekuja na mwalimu, basi kuna jambo."

Shangazi alieleza yote, kuanzia harusi mpaka uzi. Sauti yake haikutetemeka. Akamaliza kwa kusema, "Nimemwona. Nimekuja kuleta habari, ili aliliwe."

Ezekia alipukuchua hindi lile mpaka likaisha. "Umemwona kwenye tivii."

"Ndiyo."

"Kwenye tivii hata simba tunawaona, Koleta. Wamemla nani hapa?" Wajukuu zake wakacheka jikoni, na yeye mwenyewe akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Nisamehe. Nikuulize moja tu. Siku ile, aliposimama nyuma yako, uligeuka?"

Shangazi aligusa sindano kifuani.

"Sikugeuka."

"Basi hujaonana naye," alisema taratibu. "Yeye ndiye aliyekuona wewe. Hiyo siyo habari tunayoweza kuililia."

Tulirudi mjini kwa bodaboda mbili. Mbele yangu niliona mgongo wa shangazi, na kila baada ya muda mfupi aligeuza kichwa kutazama njia tuliyotoka.

Kuanzia hapo alifunga cherehani saa tisa kila siku. Nilipomtembelea nilimkuta amekaa mbele ya picha iliyosimamishwa. Hakuwa anamtazama Zablon. Alikuwa anajitazama yeye, yule mwanamke mwenye soda.

"Leo shingo imesogea," aliniambia siku moja, kama anayeniambia mchicha umeota.

"Shangazi, picha ikishapigwa haibadiliki."

"Chuoni ndivyo wanavyowafundisha?"

"Ndiyo."

"Sawa," alisema, akaendelea kutazama.

Nilitaka kuichukua ile flashi. Nilijiambia nitaichukua shule zikifungwa. Nilipotazama kioo, kwa kweli sikuweza kusema shingo ile ilikuwa imekaaje mara ya kwanza. Nilikuwa nimemtazama Zablon tu.

Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka nilikunywa naye chai. Alikuwa mchangamfu. Alinipa umbeya kuhusu Shazia, ambaye alikuwa amepata mchumba kweli na sasa anamlaumu fundi kwa kumtabiria. Alipoinuka kunisindikiza ndipo nilipoona kifua chake. Sindano ilikuwepo mahali pake. Uzi haukuwepo.

"Uzi umekwisha, shangazi? Nikuletee?"

Akagusa sindano kama aliyekumbushwa. "Umetumika," alisema.

Jumatano majirani walimkuta kwenye kiti chake mbele ya tivii, ameshapoa. Daktari alisema ni moyo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyefungua mlango, na aliniambia jambo moja ambalo hakulirudia msibani. Koleta hakuwa ameelekea tivii. Mwili wote ulikuwa umegeuka kwenye kiti, mkono mmoja juu ya egemeo, uso ukitazama ukuta wa nyuma, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ezekia alikuja kuzika. Alisimama kwenye mlango wa sebule akamsikiliza mama mwenye nyumba, kisha akaomba aonyeshwe kiti kilivyokuwa kimekaa. Wiki iliyofuata, Kwihara, walimlilia Zablon siku tatu, na kigoda chake wakakichoma. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Tivii iko kwangu sasa. Shazia amenitumia ujumbe mara mbili kwamba yuko tayari kuinunua, halafu mara ya tatu kwamba amebadili mawazo. Nimeifunika kwa kanga zilezile mbili. Flashi bado imechomekwa ubavuni, na tivii sijawahi kuiwasha, ingawa ni miezi saba. Najua sekunde zile ziko wapi. Ninachoogopa si Zablon.

Jumapili ile ya chai shangazi alinisindikiza mpaka njia panda, sindano isiyo na uzi ikimeta juani. Nilikuwa nimeshapanda bodaboda. Alinishika mkono.

"Siku utakapoitazama," alisema, "usimtazame Zablon. Nitazame mimi. Uangalie kama nimegeuka."