Tuliishi Barabara

Mashine ilipomsomea mama maisha yake kwa mara ya kwanza, alikunja uso. Alikuwa kalala ukumbini kwetu Gando, macho yamekwisha kwa mtoto wa jicho, sauti imekwisha kwa uvimbe wa koo. Kilichobaki kizima ni masikio, na hayo hayakumsamehe mtu.

Alikuwa ameninong'oneza mambo aliyotaka wajukuu wayasikie, nami nikayaandika. Mnong'ono wake simu haikuunasa, kwa hiyo nikatumia sauti ya kompyuta, ya mwanamke fulani asiyepata hata mafua. Sauti hiyo nikaitia kwenye picha za video, na chini yake nikaweka maandishi kwa ajili ya dada yangu, ambaye hasikii tangu utotoni. Mmoja anasikia haoni, mwingine anaona hasikii, na mimi katikati na umeme wetu wa kubahatisha.

"Mie na baba yenu tuliishi barabara," ndivyo alivyosema mama, maana yake waliishi vizuri, hawakukoseana. Mashine ikaweka mkazo kwenye ba ya pili, ikawa barabara ya kupita magari.

"Mie sikukaa njiani kama mbuzi," akanong'ona. "Irakibishe. Sitaki kufa niko njiani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikalichokonoa neno lile mpaka kichwa kikaniuma. Baarabara. Barabbara. Mashine haina adabu, unaiambia hivi inakwenda vile. Mwisho nikaandika baraabara, na ikatamka kama mama. Lakini dada akaliona kwenye skrini, akanivuta mkono: neno gani hili? Basi nikatenganisha maandishi. Yaliyopinda nikaipa mashine iyasome, yaliyonyooka nikamwachia dada.

Mama alisikiliza kafumba macho. "Ehe," akasema, akataka irudiwe. Wiki ile haikwisha tukamzika.

Baada ya khitma, wageni walipokwisha kuondoka, dada aliketi peke yake na kompyuta. Nilimkuta ameisimamisha picha. Aliweka kidole juu ya lile neno nililolinyoosha kwa ajili yake, akaniuliza kwa mikono: barabara ipi?

Nilikasirika, wala si kwake. Nilikuwa nimempa neno sahihi, halina kosa hata herufi moja, na halikumwambia kitu. Alidhani kuna njia mahali fulani waliyoishi wazazi wake, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Nikafungua yale maandishi yaliyopinda. Nikamwonyesha ile a ya ziada, nikamweleza maana kwa mikono, kisha nikalitamka polepole mbele ya uso wake. Akalifuata kwa midomo, bila sauti. Pale katikati kinywa kilifunguka wazi, na kilikuwa cha mama kabisa, kabla hajaugua. Akarudia. Akarudia tena.

Sikuweza kumtazama. Nikageukia ukutani, naye akanigusa bega, akauliza kama amekosea.