Shikombe

Nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa akinilelea mtoto. Nimeona niliseme hili mwanzoni kabisa, kwa sababu kila nikisimulia habari hii huwa nalizungukazunguka, nasema ati nilikuwa nimechoka, ati kazi ilikuwa nyingi. Kuchoka nilichoka kweli, lakini kilichonila ni wivu.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Tena, orofa ya nne, mimi na mwanangu wa mwaka mmoja na nusu. Baba yake alikuwa akifanya kazi Mombasa, tunamwona mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja huko Industrial Area, natoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likizama. Orofa ya chini, mlango wa pili kutoka geti, aliishi mama mmoja wa kutoka Magharibi, mjane wa mfanyakazi wa reli. Wanawe aliwalea Makongeni wakakua wakaenda zao, na sasa alikuwa akitulelea wetu. Wapangaji wa ploti nzima walimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Mchana alikuwa na watoto wanne, na wangu ndiye aliyekuwa mdogo wao.

Kila asubuhi nilimshushia mtoto na kikapu chake: nepi, nguo za kubadilisha, thamosi ya uji, na chupa ya maziwa iliyotumika jana yake, ambayo kwa haraka zangu sikuwahi kuiosha. Kila jioni Kukhu alinipa habari za siku nzima pale mlangoni, mtoto akiwa ameng'ang'ania leso yake hataki kuiachilia. Habari hizo ndizo zilizonimaliza. Leo amepanda ngazi tatu peke yake. Leo amecheka mpaka akashikwa na kwikwi. Yote hayo yalitokea mimi nikiwa nimeinamia mafaili ya watu. Nilisema "Wacha!" kwa furaha ya kujilazimisha, nikamng'oa mtoto kwenye leso, tukapanda juu yeye akilia.

Ikafika siku ya kikombe.

"Mama, leo chupa imekaa tu," Kukhu aliniambia. "Amekunywa na kikombe. Amemaliza, na hajamwaga sana."

Kikombe chenyewe nilikiona nyuma yake juu ya meza, cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni. Nilikichukia papo hapo. Ni kwamba kliniki walikuwa wamenishauri nianze kumwachisha chupa, na mimi nilikuwa nimekwenda supamaketi nikanunua kikombe cha plastiki chenye masikio mawili na picha ya bata. Kilikuwa bado kwenye karatasi yake, juu ya kabati, kikingoja Jumamosi nitakapokuwa nyumbani. Jambo hilo nilikuwa nimejiwekea liwe langu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Tulipofika juu nilimtengenezea chupa. Hakuiomba. Nilipasha maziwa, nikatia sukari vijiko viwili, nikaketi naye kwenye kochi. Alinyonya taratibu, mkono mmoja umeshika kidole changu, macho yake usoni kwangu na si kwingine kokote. Nilihesabu kwamba kwa siku nzima hizo dakika kumi ndizo nilizokuwa nazo. Basi nikaamua, kikombe kibaki cha chini, chupa ni ya juu. Kesho yake nikafanya vilevile, na keshokutwa.

"Na huko juu anakunywaje?" Kukhu aliniuliza wiki iliyofuata.

"Kwangu anakataa kabisa, Kukhu."

Nilikuwa sijampa hata mara moja. Kile cha bata kilikuwa bado kwenye karatasi.

"Wewe kunywa kwanza," akanishauri. "Yeye ataona ni kitu kizuri." Nikamshukuru, nikapanda ngazi, nikatafuta sukari.

Jumapili moja nilikuwa nikiosha vyombo, mtoto amekaa sakafuni karibu na miguu yangu. Akanyoosha kidole kwenye rafu ya vyombo, akasema wazi kabisa, "Shikombe!"

Nilitupa sponji. Mpaka siku hiyo alikuwa akisema "mami" na "toka", na mengine yote kelele. Na sasa neno zima, refu, na nilikuwapo! Ulimi bado mzito, nikajiambia, k inamshinda, ndiyo maana kikombe kimekuwa shikombe. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikamrekodi kwa simu, nikamtumia baba yake. Jumatatu nikalipeleka ofisini. "Mtoto wangu ameanza kuongea! Lakini k imemshinda, anasema shikombe!" Wenzangu walicheka, na saa nne chai ilipoletwa mmoja akapaza sauti, "Nani amechukua shikombe changu?" Ofisi nzima ikalishika. Kwa wiki mbili nilitembea na neno hilo kama mtu aliyevaa kiatu kipya. Kukhu sikumwambia. Hilo moja nilitaka yeye ndiye alikose.

Kisha siku moja umeme ukapotea kazini tukaachiliwa mapema. Nilifika kwenye ploti saa nane mchana. Mlango wa Kukhu ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nikasikia sauti yake ndani, ile ya kuimbaimba anayotumia na watoto.

"Shikombe shili hena?"

"Shikombe!" wakajibu wote kwa pamoja, na sauti ya wangu nikaijua katikati yao.

"Shikombe shili hena?"

"Shikombe!"

Lugha ile siijui, mimi ni mtu wa Machakos, lakini hapakuwa na haja ya mkalimani. Alikuwa akiwauliza kikombe kiko wapi. Mwanangu hakuwa na ulimi mzito wowote. Alikuwa akitamka sawasawa, herufi kwa herufi, neno alilofundishwa, na mimi nimelizungusha mji mzima nikijisifu kuwa nililipata wa kwanza jikoni kwangu. Uso ulinichoma. Nilisimama pale kwenye koridoo na mkoba begani, nikajiona mjinga, na mjinga akiwa na wivu hana mpaka. Jioni hiyo nilitia sukari vijiko vitatu.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya chanjo. Niliomba ruhusa kazini, na Kukhu akaja nasi, kwa sababu mtoto akichomwa sindano hakubali kushikwa na mtu mwingine. Hilo nalo lilikuwa likiniuma, lakini kumshikilia akilia kwa sindano kungeniuma zaidi. Alikaa kwenye benchi na kikapu mapajani. Nesi alimpima mtoto uzito, akamwinulia mdomo wa juu kwa kidole. Akaniita nitazame. Meno ya mbele yalikuwa na mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi, na moja limeanza kugeuka kahawia.

"Huyu bado ananyonya chupa?" nesi akauliza. "Na mnamwekea sukari?"

Nikaanza kumfunga mtoto vifungo vya shati.

"Nauliza, ni nani anampa?"

"Mimi huwa kazini siku nzima," nikasema. Ningeweza kukomea hapo. "Ni huyu anayeshinda naye."

Nesi akamgeukia Kukhu, akamgombeza kama msichana wa shule, mbele ya benchi zima la akina mama na watoto wao. Mtu mzima kama yeye, mwenye wajukuu, anaharibia mtoto wa wenyewe meno? Hana kikombe kwake nyumbani? Kukhu alinitazama mara moja tu. Kisha akamtazama nesi.

"Nimesikia, sista. Ni mimi. Tutaacha."

Alisema "ni mimi", halafu akasema "tutaacha". Nilitembea na ile "tu" njia nzima ya kurudi. Mtoto alikuwa mgongoni kwa Kukhu, amelala, naye Kukhu akizungumza habari za mvua na za jirani aliyehamia Huruma, hadithi za kawaida kabisa. Neno moja la kunilaumu hakulisema. Tulipofika getini alitoa chupa kwenye kikapu akanikabidhi mkononi.

"Hii utaiweka wapi, mama?"

Niliitupa kwenye pipa la ploti palepale, nikalia, na hata katika kulia kwangu nilikuwa nikimwonea wivu, kwa vile yeye alijua kunyamaza na mimi sikujua.

Jioni hiyo nilishuka na kile kikombe cha bata, sasa nimekitoa kwenye karatasi. Mtoto alikigonga mara mbili mezani, akakitupa chini. Kukhu akaokota, akakiweka kando, akatia maziwa kidogo kwenye kile cha buluu, akanipa mimi.

"Kunywa. Sema 'aah'. Halafu weka chini uangalie pengine. Ukimtazama sana atajua unataka kitu."

Nilikunywa. Nikasema "aah". Nikaangalia kalenda ukutani kama mtu anayesoma habari muhimu. Mtoto aliniangalia mimi, akamwangalia Kukhu. Hapo Kukhu akainuka, akasema anatoka kuanua nguo. Nguo zenyewe alikuwa amezianika nusu saa iliyopita, zilikuwa zikidondoka maji. Alizianua zilivyo, akakaa huko nje nazo mkononi, mpaka mtoto akakosa mwingine wa kumwangalia. Akaja akashika kikombe, nami nikakiinua polepole, akanywa. Nusu ilimshukia kifuani. Nusu aliimeza.

Kukhu aliporudi alinipa kikombe kile nipande nacho juu. Nilisema asante. Msamaha sikuomba, siku hiyo wala baadaye, na miaka ikapita.

Mtoto sasa ana miaka mitano, yuko shule, na Kukhu alirudi kwao Magharibi mwaka jana baada ya miguu kuanza kumsumbua. Juzi alipiga simu, akaomba amsalimie mjukuu wake. Nikampa mtoto simu. Alisikiliza kidogo akakunja uso.

"Mami, huyu ni nani?"

Nakumbuka kulikuwa na jioni pale mlangoni, kidole kwa kidole nikimbandua kwenye leso ile, ambapo ningetoa chochote nilicho nacho kusikia swali hilo. Sasa nililisikia, na halikunipa furaha hata kidogo.

"Ni Kukhu," nikamwambia. "Ndiye aliyekufundisha shikombe."

"Shikombe ni nini?" Akanirudishia simu, akakimbilia nje kwa wenzake.

Kukhu alikuwa bado anaongea, hakujua mtoto ameondoka. Alikuwa akiuliza kwa ile sauti ya kuimbaimba, "Shikombe shili hena? Eh? Shili hena?"

Nilitazama jikoni. Kile cha buluu kilikuwa pale kwenye rafu, kimebanduka rangi zaidi.

"Shili hano, Kukhu," nikamjibu. "Kiko hapa."

Alicheka sana, akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia nimejifunza koridooni kwake, nyuma ya pazia. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamwambia yote: kikombe cha bata, sukari, vijiko viwili na vile vitatu, na jinsi nilivyomsingizia mbele ya nesi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama," akasema, "na hiyo chupa yenye sukari chini, si ni mimi nilikuwa naiosha kila asubuhi?"