Mtihani wa Usipa

Soko huria lilipofika Mbinga, wanunuzi wa kahawa waliongezeka, na wezi wa kahawa nao hawakutaka kubaki nyuma. Zamani mzigo ulipokelewa na chama cha ushirika tu, na karani alijua shamba la kila mtu. Sasa mnunuzi alisimama barabarani na mizani yake, akaitazama kahawa, asimtazame aliyeileta.

Walburga, mjane wa Othmar, aliamka asubuhi moja akakuta chanja ya kukaushia kahawa iko tupu. Mbwa wake, Vumilia, alikuwa amelala chini ya chanja hiyohiyo, ameshiba. Walburga akamnusa mdomo: usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Na nyumbani kwake samaki hawakuwa wamepikwa wiki nzima. Hilo hakumwambia mtu.

Hyasinti, mdogo wa marehemu Othmar, alikuja kutoa pole na ushauri. Pole haikuchukua muda.

"Shemeji, mwanamke peke yake halindi kahawa. Ukiibiwa tena msimu ujao ukoo utakaa, na shamba nitalisimamia mimi."

"Mbwa atalinda."

"Huyo? Huyo angemsaidia mwizi kubeba gunia."

"Basi atasoma."

Hyasinti alicheka mpaka akaomba maji. Walburga alimletea maji, kisha akaenda kuuliza shule za mbwa ziko wapi.

Ya kwanza ilikuwa Kitai, na ilikuwa na kibao. Mwenye shule, askari mstaafu aitwaye Erasmo, alipuliza filimbi, mbwa wake wakapanga mstari. Mmoja aliinua mguu wa mbele, akapiga kitu kilichofanana na saluti.

"Nidhamu, mama! Hapa hata fisi anahitimu."

Walburga aliipenda sana ile saluti. Kisha akaingiza mkono kwenye kapu, akatoa konzi ya usipa. Mstari ukavunjika. Wote walikula, mpiga saluti akiwa wa kwanza, na Vumilia, ambaye hakuwa hata ameandikishwa, akiwa wa pili.

"Hiyo si haki, mama! Mwizi gani anakuja na kitoweo?"

"Wa kwangu, Afande," alisema Walburga, akachukua kapu lake.

Muuza usipa wa sokoni ndiye aliyemwelekeza Mbaha, ziwani, kwa Mzee Mansuetus, mlinzi wa chanja za samaki, mtu aliyejisifu kuliko redio. Lakini mbwa wake walilala chini ya usipa uliokauka, hawaugusi. Walburga akamnyooshea mmoja konzi yake. Mbwa alinusa, akanguruma, akamrudisha mama wa watu kinyumenyume hadi ndani ya maji.

Akiwa amelowa hadi magotini, Walburga alisema, "Hapa ndipo."

"Mbwa nitamfundisha," alisema Mansuetus. "Kazi ni wewe. Huko kwenu milimani mgeni akila, si humtupia mbwa mfupa?"

"Ni heshima, mzee."

"Basi heshima hiyo ife. Asile ila mkononi mwako. Hata padri asimpe."

"Hata padri?"

"Hasa padri. Mbwa humwamini."

Vumilia alibaki Mbaha mpaka mvua zikakatika. Aliporudi, ulianza mtihani wa Walburga. Kila mgeni alikatazwa kutupa mfupa. Kijiji kikasema mjane amekuwa mchoyo hata wa makombo. Katekista aliurudisha mfupa wa kuku kwenye sahani kwa huzuni kubwa. Walburga alimtazama, hakulegea.

Kahawa ilipojaa kwenye chanja, Hyasinti alikuja kukagua.

"Nasikia msomi amerudi."

Akasogelea chanja. Vumilia akasimama. Hyasinti akatabasamu, akatia mkono mfukoni, akatoa usipa. "Njoo, Vumilia. Njoo, si unanijua?"

Vumilia hakuutazama usipa. Alitazama suruali, akanguruma, akamsukuma Hyasinti hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Shemeji, mwite mbwa wako!"

"Namwita. Kwanza niambie, nani alikwambia anapenda usipa?"

Hyasinti aliuangalia mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine. "Mbwa wote wanapenda usipa."

"Na wewe hutembea nao mfukoni. Kile kikao cha ukoo kitakuwa lini? Nije na mbwa, aeleze aliyoyasoma?"

"Kikao gani, shemeji?" alisema Hyasinti kwa sauti ndogo. "Shamba si lako?"

Walburga akamwita mbwa. Shemeji alipokwisha kutokomea njiani, aliuokota usipa ulioanguka, akaupuliza vumbi, akampa Vumilia kwa mkono wake mwenyewe.