Taa nyekundu iliyomtoa mama nje

Leo kimashine changu cha kupima hewa kimemfukuza mamangu mzazi.

Nilikinunua kwa sababu mwanangu ana pumu. Hewa ikiwa safi, taa ni ya kijani. Ikichafuka, huwa nyekundu.

Mama amekuja Ukunda kutoka Msambweni kumuona mjukuu. Na mnawajua mama zetu: nguo zote amezifukiza udi, maana kwa watu hakuendwi hivi hivi.

Ile kuinama tu ambusu mtoto, taa nyekundu!

"Inasema nini?"

"Inasema hewa imechafuka, mama."

Mdomo wangu huu! Haya, nilaumuni.

Nikaenda jikoni kuleta chai. Narudi, hayupo. Nikamkuta kibarazani, anamchungulia mjukuu dirishani.

"Nitamuona kutoka hapa hapa, mwanangu. Mashine imenikataa."

Nikamweleza kwamba ni udi ulio kwenye nguo, si yeye. Akaenda kuoga, akavaa dera langu.

Alipotoka hakumwendea mtoto. Alisimama mbele ya kile kimashine, mikono ameitandaza kama yuko kliniki.

"Haya, nipime tena."

Jamani.

Taa ilikuwa imesharudi kijani zamani, lakini hakusogea mpaka niliposema, "Umepita, mama."